Maswali Yenu ya Muvi: Twister ina nini mpaka leo hatuiachi?

Toleo lililopita tuliwauliza muvi gani ya zamani mnairudia mpaka nyumbani wanalalamika, na jibu lililojirudia kuliko yote ni Twister, ile ya kukimbiza vimbunga ya mwaka 1996. Pamoja na majibu yakaja na maswali, mengi sana, nimechukua haya sita.

Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama, niko Morogoro. Kijana wangu wa kidato cha nne ana muvi kibao kwenye flashi lakini wikiendi ikifika lazima arudie Twister, muvi ambayo mimi niliiona kwenye kideo nikiwa msichana. Za siku hizi mji mzima unaanguka, hii ya kwao ng'ombe mmoja tu anapepea hewani. Kwani ina nini?
Mama Kijana, Morogoro

Salama kabisa mama, na hongera kwa kulea mtu mwenye jicho zuri la sinema, manake hata mimi nikiikuta kwenye tv imefika katikati siwezi tena kuhama chaneli.

Kwa ambao hawajaiona niieleze kwa kifupi. Kuna dada anaitwa Jo, kaigiza Helen Hunt, baba yake alinyakuliwa na tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama mkia kutoka wingu mpaka chini, mwaka 1969 usiku akiwa anaushikilia mlango wa handaki la kujifichia na yeye Jo mdogo anaona kila kitu, basi amekua amekuwa mwanasayansi wa kufukuzia hayo hayo matonado huko Oklahoma. Mumewe Bill, huyu ni Bill Paxton, kaachana na hiyo kazi anaenda kuwa mtangazaji wa hali ya hewa, na siku hiyo kaja na mchumba wake mpya ili Jo asaini karatasi za talaka, ila kabla karatasi hazijaisha kusainiwa wingu limeshajikunja na watu wote wako kwenye magari. Stori ndiyo hiyo, na yote inabebwa na kama siku moja tu.

Ilitoka Mei 1996, mwongozaji Jan de Bont, ikaingiza karibu dola milioni 495 duniani, na kwa mwaka ule iliyoipita ni Independence Day peke yake. Lakini pesa haielezi kwa nini mtoto aliyezaliwa miaka mingi baadaye anairudia, kuna muvi nyingi ziliingiza hela miaka ile na leo hakuna mwenye habari nazo.

Mi naamini kinachomrudisha kijana wako ni kile kikosi cha Jo. Waangalie vizuri mama siku akiiweka tena. Magari yao yamechoka, kompyuta zimefungwa kwa kamba, wanaitana kwenye redio, mmoja kazi yake ni ramani tu na njia za vumbi, mwingine yule mnene mwenye nywele ndefu anayepiga kelele kwa furaha ni marehemu Philip Seymour Hoffman kabla dunia haijamjua, na kila mtu anajua kazi yake na anaipenda kiasi kwamba unatamani na wewe wakufungulie mlango wa nyuma upande. Hawana mshahara wa maana na hakuna anayewasifia. Kwenye muvi nyingi za maafa watu wanakimbia, hawa wanaifuata dhoruba, na hawaifuati ili waiue, wanataka kuipima, basi. Wakipata vipimo kutoka ndani ya tonado watu watapewa onyo mapema zaidi, kutoka dakika 3 kwenda 15. Mtu anahatarisha maisha yake kwa ajili ya dakika 12 za jirani asiyemjua, hilo halichuji.

Sasa kuna sehemu moja nataka umwambie airudishe nyuma muiangalie wote. Kikosi kimeingia kwa Meg, shangazi yake Jo, pale mji wa Wakita kula, nyama, mayai, viazi vya kuponda na mchuzi mzito, watu wanabishana midomo imejaa, wanamweleza mchumba wa Bill jinsi matonado yanavyopangwa kwa madaraja F1, F2, F3, kila mmoja anachangia lake na vicheko vingi. Yule dada anauliza tu kwa upole, je kuna F5, yaani daraja la juu kabisa? Uma zinasimama. Meza nzima kimya, hakuna anayemtazama mwenzake, halafu mmoja anajibu taratibu kwamba hicho ni kidole cha Mungu. Pale hakuna upepo wala kompyuta, ni watu na sahani zao, na kwangu mimi ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote ndani ya ile muvi. Kuanzia hapo kila wingu linalotokea unajiuliza kama ndilo hilo.

Ng'ombe naye asidharauliwe! Kwa wakati ule picha za kompyuta zilikuwa ghali na ngumu, kwa hiyo walizitumia pale tu penye haja, upepo mwingi uliobaki waliupuliza na injini ya ndege kweli kweli wakawarushia waigizaji majani na takataka usoni, na pale Wakita walibomoa majengo halisi ili mji uonekane umepitiwa. Ndio maana waigizaji wanaonekana wamechoka na wamelowa, manake walichoka na walilowa. Jicho la mtu linajua tofauti hata kama mdomo hauwezi kuieleza.

Udhaifu upo, yule Jonas, mkimbiza dhoruba mpinzani wao mwenye magari meusi na wafadhili, ni adui wa kupachika tu, ameletwa ili awepo mtu wa kuchukiwa, na muvi ingesimama bila yeye.

Na ujue mama mapenzi haya si ya kijana wako peke yake. Bill Paxton alipofariki Februari 2017, wakimbiza dhoruba wa kweli kule katikati ya Marekani, ambao huwa wanaonekana kwenye ramani kama vidoti ili watu wajue nani yuko wapi, walizipanga alama zao kwenye ramani zikaandika herufi B na P kubwa. Mwigizaji anaagwa na wanasayansi na madereva wa dhoruba! Sijaona tena kitu kama hicho.

Mhariri, kuna rafiki ameniambia ule mngurumo wa tonado kubwa kwenye Twister ni ngamia. Sisi wafugaji huku tumebishana usiku kucha. Tuamulie.
Wa Garissa

Rafiki yako kasema kweli. Mafundi wa sauti walichukua mlio wa ngamia anapoguna wakaupunguza kasi, na ukipunguza kasi sauti inashuka inakuwa nzito, ile pumzi ya ngamia inavutika inakuwa kama kitu kikubwa kinachohema nyuma ya mlima. Nyie mnaomjua ngamia akigoma kuinuka na mzigo mtaisikia mara moja mkitega masikio pale tonado inaposogea polepole bila mvua. Muvi ilipata uteuzi wa Oscar mara mbili, sauti na picha za kompyuta, haikuchukua hata moja, na kwa upande wa sauti mpaka leo roho inaniuma. Tafuteni spika nzuri muirudie, kwenye spika ya simu nusu ya muvi inapotea.

Kaka mambo, nasoma chuo hapa Dodoma. Ile mashine Dorothy wanayoibeba kwenye pikapu, lile pipa lenye vimpira vya vipimo, ni la kutunga au lipo? Na kuna aliyewahi kufanikiwa kweli kuweka kitu kama kile mbele ya tonado?
Mwanafunzi, Dodoma

Poa mdogo wangu, na hili swali nimelipenda sana kwa sababu ukweli wake una utamu na una uchungu pia.

Pipa lilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wanasayansi wa serikali ya Marekani wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oklahoma walitengeneza pipa la vyuma lenye vipimo vya upepo, joto na mgandamizo wa hewa, wakaliita TOTO. Toto ni yule mbwa wa Dorothy kwenye Wizard of Oz, stori ya binti wa Kansas aliyebebwa na tonado na nyumba yake, kwa hiyo watu wa Twister walipoiita mashine yao Dorothy walikuwa wanawasalimia wale wazee. Wazo lilikuwa lile lile unaloliona kwenye muvi, wahi mbele, shusha pipa, kimbia. Wakahangaika nalo miaka kadhaa. Mara waliyokaribia kabisa ni 1984 karibu na Ardmore, Oklahoma, tonado dogo likaligusa ubavuni, pipa likaanguka chini. Likaja kustaafishwa bila kuingia katikati hata mara moja, manake lilikuwa zito kubeba, jepesi kupinduliwa, na tonado halina ratiba.

Kwenye muvi nako Dorothy zinashindwa, lakini tatizo jingine linatatuliwa kiufundi mpaka unafurahi, Jo anaviona vile vitu vya chuma vinavyozunguka na upepo nje kwa shangazi Meg, anashtuka, kikosi kizima kinakaa chini kukata makopo ya soda na kuvipachika vibawa vile vimpira ili upepo uweze kuvibeba. Nakumbusha hilo kwa sababu wewe ni mwanafunzi, angalia suluhisho limetoka wapi.

Aliyefanikiwa kweli anaitwa Tim Samaras, wa Colorado, injinia ambaye hakuwa hata na digrii. Yeye aliona pipa refu haliwezi, akatengeneza kifaa kifupi cha chuma chenye umbo la koni iliyobanwa chini, upepo ukikipiga unakikandamiza ardhini badala ya kukiinua. Tarehe 24 Juni 2003 pale Manchester, South Dakota, alikiweka barabarani tonado likiwa nyuma yake, akaondoka, na tonado la daraja la F4 likapita juu ya kile kifaa. Kikarekodi mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 100 ndani ya muda mfupi mno, rekodi ya dunia. Fikiria, miaka 7 baada ya muvi jambo la kwenye skrini limefanyika, na lilifanywa na mtu mmoja mwenye gari na bidii.

Uchungu ndio huu. Tarehe 31 Mei 2013 karibu na El Reno, Oklahoma, likatokea tonado lenye upana wa kilomita 4.2, pana kuliko lolote lililowahi kupimwa, likabadilisha mwelekeo na kasi ghafla, likamuua Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young ndani ya gari lao. Na Samaras alikuwa anasifika kwa uangalifu, si mtu wa kutafuta sifa. Kwa hiyo ukiona Jo na Bill wanaponea chupuchupu kila mara ujue hilo ni la sinema, dhoruba haimjui stelingi.

Kama unataka kuingia fani hii soma fizikia na hesabu kwa nguvu, hali ya hewa ni hesabu tupu. Pale Norman, Oklahoma, ndipo ilipo maabara ya taifa ya dhoruba na chuo kinachofundisha mambo haya, na wataalamu wengi wa leo wanasema wazi walianza kwa kuiangalia Twister wakiwa watoto.

Salaam. Hizi tonado zinaweza kuja kwetu? Hapa ziwani tumeona mara kadhaa kitu kama mkia kinashuka kutoka wingu mpaka kwenye maji kinazunguka. Na Hidaya je, si ilikuwa ndiyo hiyo hiyo?
Mvuvi, Mwanza

Salaam ndugu. Huo mkia mnaouona Ziwa Victoria ni ndugu wa tonado, unazunguka juu ya maji na kawaida ni mdogo na dhaifu kuliko yale ya kwenye muvi, lakini mtumbwi unaupindua vizuri tu, kwa hiyo mkiuona mkae mbali nao na msiusubiri uishe mkiwa hapo hapo.

Hidaya ni kitu kingine. Kile ni kimbunga cha baharini, kilijikusanya Bahari ya Hindi kwa siku kadhaa, kina upana wa mamia ya kilomita, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inakifuatilia na kutangaza kabla hakijafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Tonado linazaliwa ndani ya wingu moja la radi, upana wake kwa kawaida ni mita mamia tu, na linaweza kumaliza kazi kwa dakika 10 likapotea.

Marekani yanatokea kama 1,200 kwa mwaka kwa sababu ya jinsi nchi ilivyokaa: hewa ya moto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, hewa kavu inatoka magharibi kwenye milima na jangwa, zinakutana kwenye uwanda usio na kizuizi, na juu kabisa kuna upepo mkali unaoenda upande tofauti na ule wa chini, basi wingu zima linaanza kuzunguka. Huku kwetu karibu na ikweta ule upepo wa juu mara nyingi hauna nguvu hiyo. Lakini Afrika yapo, Juni 2024 tonado liliua watu na kubomoa nyumba Tongaat, karibu na Durban.

Jambo mhariri. Sisi ni familia ya kutoka Uvira, sasa tunaishi Des Moines, Iowa. King'ora kikilia watoto wangu wanataka kutoka nje kuangalia kama kwenye muvi, mkubwa anasema tukiwa kwenye gari tuingie chini ya daraja, aliona Jo na Bill wamefanya hivyo. Naogopa. Nifanye nini?
Baba wa Uvira, Iowa

Jambo sana baba, na hapa naomba uwaite watoto muisome pamoja.

Mwambie mkubwa, kwa upendo, kwamba daraja ni mtego. Upepo ukipita chini ya daraja unabanwa unaongeza kasi, na vitu vinavyorushwa vinaingia humo humo. Tarehe 3 Mei 1999, siku matonado yalipoipiga Oklahoma, watu 3 walikufa wakiwa wamejificha chini ya madaraja ya barabara kuu, na wengine waliumia vibaya. Na ule mwisho wa muvi wa kujifunga mkanda kwenye bomba halafu tonado la F5 linapita juu yenu mnalitazama kwa ndani, huo ni uzuri wa sinema tu, kinachoua watu wengi ni mbao, vioo na mabati yanayoruka, na mkanda hauzuii hayo.

Simu zenu zitaleta taarifa za aina mbili. Moja inasema hali inaruhusu tonado kutokea, hapo mnakaa tayari, viatu miguuni, simu ina chaji, mnajua nani anambeba mdogo. Ya pili inasema tonado limeonekana kwa macho au kwenye rada, hapo hamuendi dirishani hata kuchungulia, mnashuka chini ya nyumba kama kuna chumba cha chini, kama hakuna mnaingia chumba cha ndani kabisa cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, bafu au stoo, mnajifunika godoro au mablanketi mazito, mikono shingoni na kichwani. Kofia za baiskeli za watoto ziwekwe humo kabisa. Kama mnaishi kwenye nyumba ya trela, ondokeni mapema mwende kwenye jengo imara, trela halifai hata kidogo. Ving'ora vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje, kwa hiyo usiku usivitegemee, wekeni simu isiwe kimya.

Na kama kuna wazee au majirani wa kutoka nyumbani ambao Kiingereza kinawasumbua, wafikieni kabla msimu wa Aprili hadi Juni haujachanganya, waelezeni kwa Kiswahili tofauti ya zile taarifa mbili. Muvi waacheni watoto waiangalie, ni nzuri, ila waijue kazi ya Jo ilikuwa kuwapa watu kama nyie muda wa kushuka chini.

Asalaam aleikum mhariri, niko Sharjah. Ile mpya ya 2024, Twisters, ina thamani ya hela ya tiketi? Na lazima nione ya kwanza?
Binti wa Pemba, Sharjah

Waaleikum salaam dada. Si lazima, ni watu wapya kabisa, Daisy Edgar-Jones na Glen Powell, mwongozaji Lee Isaac Chung, na imepigwa Oklahoma kweli, mawingu yake peke yake yanatosha kukutoa nyumbani. Inanigusa zaidi pale inapokaa na watu waliobomolewa nyumba, wanagawa maji na chakula, wanatafuta vitu vyao kwenye vifusi, ile ya kwanza ilipita maeneo hayo mbio mbio. Kinachopungua ni ile meza ya shangazi Meg, hawa wapya hawapewi nafasi ya kukaa kula na kubishana mpaka uwajue majina, kwa hiyo wakiwa hatarini unaogopa lakini si kwa kiasi kile. Kama unaweza iangalie kwenye skrini kubwa kabisa utakayopata hapo, na ya 1996 itafute uiangalie nyumbani usiku wa wikiendi na ndugu wengi, taa zizimwe, sauti juu.